Soma kama weye ni yeye

Mama wa makala, ndio mkaa tunavyouita huku, alifika kwetu Katuba, Lubumbashi, nchi ya Kongo, Jumapili mchana, watu ndio wametoka misa, bukari, yaani ugali, bado haijaiva, nikamletea kiti akakataa. Kwetu mtu mzima akikataa kiti ujue amekuja na kesi. Alisimama pale mlango wa lupango, ua wetu, kichwani amefunga kitambaa ya kutokea, si ile ya kuuzia makala, akaniangalia muda kidogo kisha akasema:

"Nasikia uliniandika."

Hajui kusoma. Hakuingia darasani hata siku moja, aliniambia mwenyewe mara nyingi, na hesabu ya mifuko yake anaiweka kichwani na kwa mistari anayochora ukutani na kipande cha makala. Kwa hiyo nilivyoandika habari yake sikumuwaza hata kidogo kama msomaji. Nilimuwaza kama mtu wa ndani ya habari. Wasomaji nilidhani ni wengine kabisa, watu wa simu kubwa, wanafunzi wa UNILU, chuo kikuu chetu cha hapa, ndugu walioko Afrika ya Kusini na Ubelgiji wanaotafuta harufu ya nyumbani. Kosa yangu ilianzia hapo, na ndio maana naandika hii leo, ndefu hivi, mnivumilie.

Habari yenyewe ilikuwa juu ya makala. Kila mtu wa Lubumbashi anaijua makala lakini nilitaka kuiandika vizuri, vile inatoka mbali porini, wanaume wanaileta na kinga, ndio baiskeli tunavyoiita huku, mifuko imepangwa mpaka inapita kichwa cha mtu, hawapandi, wanasukuma kwa mguu siku nzima na kesho yake tena, wanaingia mjini alfajiri na wamama wanawangojea barabarani. Mama ananunua mfuko mzima, anaugawa mafungu madogo madogo, fungu moja la kutosha bukari na mboga basi. Umeme ukikatika jioni kila mtu anatafuta makala kwa wakati mmoja. Niliandika mikono yao, nikaandika kikohozi, nikaandika vile kwa lupango moja mbabula tatu, yaani majiko ya makala, zinawaka za familia tatu na kila mtoto anajua moshi wa mama yake. Nilikaa na ile habari wiki tatu.

Na katikati nikaweka sentensi moja. Siku ile mtoto wake wa kwanza alivyoondoka kwenda Zambia, mama wa makala alisema pale kwenye robine, kwa sauti, watu wote wanachota maji: "Aende. Ule haina mwana wangu tena." Nilikuwa pale na bidoni yangu, nilisikia kwa masikio yangu. Niliona ni sentensi yenye nguvu kuliko yote niliyokuwa nayo kwa hiyo nikaiandika vile vile, sikuongeza neno, sikupunguza, na jina lake sikuliweka, nikaona nimefanya kazi safi. Lakini kwa avenyi yetu, hii barabara tunayokaa, nani anahitaji jina?

Pale watu wanapochajisha simu kuna kijana anapenda kusoma kwa sauti. Aliwasomea wamama ile habari, wakapenda, wakacheka kwa ile ya moshi, mmoja akamrekodi, akatuma audio kwa dada yake, dada akatuma kwa shemeji, na audio ikavuka forodha ya Kasumbalesa bila pasipoti mpaka Kitwe kule Zambia. Yule mtoto wa mama wa makala aliisikiliza. Alimsikia mama yake anamkana, kwa sauti ya mtu asiyemjua, na watu nyuma wanacheka. Toka siku ile hakupiga simu tena.

Sasa sikieni mambo yalivyokuwa, kama mama alivyonieleza pale amesimama. Mtoto alikuwa ameshika pesa ya likelemba ya wamama, ule mchezo wa kuchangiana na kupokea kwa zamu, ilikuwa zamu ya mtu mwingine kupokea, yeye akaifanyia biashara ya siku mbili Kasumbalesa na ile pesa ikapotea yote. Kaka wa yule mama mwenye zamu alikuwa anamtafuta na watu wake. Asubuhi ile alikuwa amesimama pale pale kwenye robine. Ndio maana mama alipaza sauti, ili yule mwanaume asikie kwamba mtoto hana nyumba tena hapa, asije usiku kuvunja mlango, asiwaguse wadogo. Na usiku wa kabla alikuwa amempa mtoto mtaji wake wote wa makala kwa ajili ya njia, wakasali pamoja, akamfungia mikate. Deni la likelemba alililipa mwenyewe, mfuko kwa mfuko, mwaka mzima.

"Ile yote uliandika ni ya kweli," akaniambia. "Maneno ni yangu. Lakini niliyasema kwa bale bantu balikuwa pale. Weye ukayapeleka kwa bengine."

Kisha akaondoka. Bukari iliungua, sikusikia hata harufu.

Naweza kusema nimesoma mambo mengi juu ya kazi ya kuandika, chuo na nje ya chuo, na hakuna mtu aliyewahi kunifundisha kitu kikubwa kama hicho. Sisi tunafundishwa kwamba maneno yana mwenyewe, yule aliyeyasema, basi ukiyanukuu bila kuyaharibu uko salama. Mama wa makala ananiambia maneno yana wenyewe wawili, aliyesema na aliyesemewa, na mimi nilimuibia yule wa pili. Nimeligeuza hili kichwani miezi sasa na kila nikiligeuza naona ni kweli, tena naona nilikuwa nalijua toka utoto, nikalisahau nilivyoanza kuitwa mwandishi.

Kwa sababu nilianza kuandika nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, kwa kazi ya kambo yangu, ndivyo tunavyoita babu au bibi huku. Ilikuwa miaka ya 90, barua ukiitia posta hujui kama itafika, kwa hiyo watu walikuwa wanawapa wasafiri. Muyomba wangu, yaani mjomba, alikuwa anakaa mji wa Kamina, na mtu wa kartye, wa mtaa wetu, akipanda treni kambo ananiita, leta kaye, ndio daftari, leta biki, kaa hapa. Anasema, mimi naandika. Alikuwa anaanza na salamu, na salamu zilikuwa nusu ya barua, jina kwa jina, mke, watoto, baba mkwe, jirani aliyemsaidia muyomba siku ya malaria, mpaka mkono wangu unauma. Siku moja nikafupisha, nikaandika tu "wasalimie wote". Kambo hajui kusoma lakini akaniambia nisomee, akafungua vidole, anahesabu, ilivyofika mwisho vidole vimebaki wazi. Hakunipiga. Aliniuliza tu, huyu wa kidole hiki akisikia barua imefika na jina lake halimo atalala vipi leo?

Kwa hiyo yeye alivyokuwa anasema barua alikuwa anaona watu wamekaa kwenye mkeka Kamina, wanasikiliza. Hakuwa anamwandikia muyomba peke yake hata siku moja. Alijua kwamba kule pia kuna mtoto wa miaka tisa atakayesoma kwa sauti, na kwamba kila mtu aliyekaa pale anangoja kusikia jina lake.

Na jibu likija, mimi tena ndiye msomaji. Nilijifunza kusoma kwa sauti ya muyomba, polepole, kwa sababu ndivyo kambo alivyotaka. Kuna barua moja siisahau. Nilifika katikati, macho yangu yakatangulia mstari mmoja mbele, nikaona mtoto wao mdogo ameaga dunia, nikanyamaza. Nilikuwa nataka kuruka ule mstari niendelee na mambo ya mvua. Kambo akaweka chini sahani ya maharage aliyokuwa anachambua, akasema, "Ni nani?" Alikuwa ameshasoma kwenye kimya yangu. Nawaza sana juu ya kambo siku hizi.

Mji huu una maandishi moja ambayo kila mtu anayeandika Kiswahili hapa angepaswa kuyashika mkononi hata mara moja. Mwaka 1965, mji bado unaitwa Elisabethville, jina la Lubumbashi lilikuja 1966, mtu anaitwa André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili chetu cha hapa, kwa niaba ya watu waliofanya kazi ya nyumbani kwa wazungu, wale walioitwa maboyi. Kichwa chake ni cha Kifaransa, Vocabulaire de la ville d'Elisabethville, lakini ndani ni Kiswahili kitupu cha watu wa mji. Profesa Johannes Fabian, Mjerumani aliyefundisha chuo hapa miaka ya 70, aliyatoa kama kitabu mwaka 1990, na alieleza vile yalivyompa shida. Maneno hayakukatwa kama shuleni, mengine yameshikana, mengine yamegawanyika katikati, nukta na koma hazikusaidii kujua sentensi inaishia wapi. Na dawa ilikuwa moja, mtu wa lugha, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti. Sauti ikipita juu yake yanafunguka.

Babu yangu mzaa baba alikuwa boyi, alipika kwa wazungu mpaka uhuru. Nilileta fotokopi ya zile kurasa nyumbani nikamuonyesha baba. Mimi nilikuwa nimezisoma kimya kwenye biblioteki na nilikuwa nimepotea kila baada ya mistari mitatu, nikarudi juu, nikapotea tena. Baba alivaa miwani, akaanza kusoma kwa mdomo, na mimi naapa nilimsikia babu. Pumzi ni yake, ile namna ya kurudia neno kabla ya kulisogeza mbele ni yake, baba mwenyewe alisimama mara mbili kwa sababu sauti ilimkwama kooni. Mama alitoka jikoni akauliza ni nani anaongea. Pale nilielewa kwamba zile kurasa hazikuwa na kasoro yoyote. Mimi ndiye sikuwa msomaji waliyekuwa wanamngoja. Msomaji wao ni mtu anayesoma kwa mdomo na wengine wamekaa pembeni, wanaoijua kazi ile, wanaoweza kusema ndiyo, ilikuwa vile, au hapana, pale umekosea. Yav aliandika mbele ya watu ambao wangeweza kumbishia.

Hata wachoraji wetu walifanya vile. Tshibumba Kanda Matulu, aliyeichora historia nzima ya nchi miaka ya 70 na kumsimulia huyo huyo Fabian, tablo 101, ndio picha za kuchora, alikuwa anauza kazi zake kwa watu wa kawaida, tablo inatundikwa kwenye salo, yaani sebuleni, na mgeni akiingia mwenye nyumba anaanza kueleza, hii ni Lumumba, hii ni fimbo ya koloni, na mgeni anaongeza ya kwake. Tablo bila mtu wa kuieleza ilikuwa nusu tu.

Mimi siwalaumu wale wakubwa wetu wanaosomwa mbali. Mwandishi Mudimbe alizaliwa Likasi hapo karibu, 1941, akaandika kwa Kifaransa na Kiingereza, vyuo vya dunia nzima vinamsoma, na alivyofariki 2025 huko Marekani wanafunzi wengi hapa walilia kweli. Fiston Mwanza Mujila ni mtoto wa Lubumbashi, anakaa Graz kule Austria, na ukimsikia anasoma maandishi yake jukwaani, anavyopiga kelele na kunong'ona na kurudia, unasikia mji huu huu. Wamefungua njia. Ila kwa avenyi yetu hakuna aliyewasoma, vitabu ni bei na Kifaransa chake kizito, na mtu asifikiri kwamba watu wa avenyi hawapendi kusoma. Wanapenda, mbona kwa chaja ya simu walikaa saa nzima jua linachoma kusikiliza habari ya makala.

Kuna swali la lugha, nalo linanisumbua kila siku. Nikiandika "yupo" na "mtu" na "si mwanangu", jirani zangu wanaona ni Kiswahili cha mahubiri, kizuri, kimevaa suti, kinatoka mbali. Nikiandika "eko" na "muntu" na "haina mwana wangu", ndugu wa Tanzania wananiandikia kwa upole kwamba nimekosea sarufi. Nachanganya, kama mnavyoona hapa, na nachanganya kwa moyo wote kwa sababu nataka wote wawili wakae mkeka mmoja. Lakini maneno ya mtu akiyasema siyanyooshi. Lile "haina" la mama wa makala lilikuwa lake, na angalau hilo nililiacha jinsi lilivyo.

Turudi kwake. Wiki mbili nilipita njia nyingine kwenda sokoni, nilikuwa naogopa macho yake. Kufuta habari nilifuta siku ile ile, lakini audio huifuti, iko kwenye simu za watu mpaka Kitwe. Nilitaka kuandika habari ya pili, ya kueleza ukweli wote, likelemba, yule mwanaume kwenye robine, mtaji wa usiku. Niliiandika nusu. Kisha nikajiuliza ile habari inamwendea nani, na nikaona itamwendea kila mtu isipokuwa yule mmoja, tena itafungua kesi ya deni ambayo mama alishaifunga kwa mikono yake, na mambo aliyoyafanya gizani kwa makusudi nitayaweka mwangani ili mimi nionekane nimetengeneza. Nikaichana.

Nikaenda kwake jioni, umeme hakuna kartye nzima, na safari hii nikasimama mimi, nikasema mama, nipe maneno unayotaka yeye ayasikie, niyaandike kama unavyoyasema, kisha nitayasoma kwa sauti tumtumie, na hakuna mtu mwingine atakayeyaona. Alikaa kimya muda mrefu, anageuza makala kwenye mbabula na kijiti. Kisha akasukuma kigoda kwa mguu kuelekea kwangu. Nikakaa.

Aliniambia maneno machache sana. Sitayaweka hapa, si yenu, na yeye mwenyewe ndiye aliyenipa ruhusa ya kusimulia mengine yote niliyoandika leo, nilimsomea jana kutoka mwanzo mpaka hapa, deni lenyewe limeisha zamani na wale watu wameshapatana. Alinikatiza mara mbili, mara ya kwanza kusema kitambaa kilikuwa cha kijani na ningeweza kukisema, mara ya pili kusema hakufunga mikate, alifunga mihogo.

Nitawaambia tu tulivyoiandika ile barua, kwa sababu nimejifunza kazi upya siku ile. Nilimaliza, nikamsomea. Akasema soma tena. Nikasoma. Mdogo wa mwisho alikuwa anashika simu itupe mwanga na mkono ulishachoka, mwanga unatetemeka kwenye kaye. Mama akafunga macho, akasema:

"Sasa soma kama weye ni yeye."

Sikuelewa. Akanieleza, soma kama weye ndiye uko kule, umetoka kazini, umechoka, uko na hasira na mama yako, umeweka simu sikioni. Nikajaribu. Nilifika mstari wa kwanza tu akainua mkono.

"Hapa atazima."

Mstari wa kwanza ulikuwa unasema mwanangu mpendwa. Niliuweka mimi, yeye hakuusema, niliona tu barua haiwezi kuanza bila kitu kama hicho.

"Hayajanisikia nikimuita vile hata siku moja," akasema. "Atajua ni weye njo unaongea. Ondoa."

Nikamuuliza basi alikuwa anamuita nani, nyumbani, tangu mdogo. Akanitajia jina moja fupi la kitoto, na mdogo wa mwisho akacheka kwa mshangao kwa sababu hata yeye hakuwahi kulisikia. Nikafuta mstari, nikaandika lile jina, tukaanza tena kutoka juu.